Mwewe wa Saa Nne

Kule kilimani tulikuwa na sharti moja, na ndilo lililonifanya nimpende mwanamume kwa masikio. Anayehesabu haondoi macho angani, anayeandika haondoi macho daftarini. Basi. Yeye anataja, mimi narudia, halafu naandika. Miezi miwili kila mwaka, tangu majani yanapoanza kupukutika mpaka ndege wawindaji wawe wamepita wote kwenda kwenye joto, tulikaa bega kwa bega kwenye viti vya kukunja. Lakini kama ungeniuliza macho yake yana rangi gani, ningekudanganya tu.

Sharti lenyewe nililisababisha mimi na kiherehere changu. Msimu wa kwanza nikiona tai nilikuwa nanyoosha kidole, "Yule pale, yule pale," kumbe mwenzangu ameshamtaja, na mimi namwandika mara mbili. Jioni hesabu yetu ikapishana na ya Mama Mnara nikatamani ardhi inimeze. Mama Mnara ni mama wa makamo anayehesabu peke yake juu ya mnara wa maji, ng'ambo ya bonde. Ndege akipita juu yetu, baada ya robo saa anapita juu yake. Kwa hiyo kila siku saa kumi na moja jioni alinipigia simu tulinganishe, saa kwa saa, aina kwa aina. Tangu siku ile ya aibu hatukuwahi kupishana zaidi ya ndege kumi.

"Huyo bwana macho yake yangekatiwa bima," Mama Mnara alikuwa akiniambia.

Ndiyo maana watu wa kituo walimwita Macho. Mimi waliniita Karani. Tukazoeana kwa majina hayo hadi la kwake la nyumbani likaninywea ulimini, nikawa naona kama nikilitaja namtaja mtu mwingine.

Usidhani tulikuwa tunahesabu tu. Saa ikibadilika alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa akanipa bila kuangalia, na mkono wake haukuwahi kukosea mkono wangu. Msimu uliopita mvua ilitubana chini ya turubai moja, akaniambia, macho yake kwenye mawingu, "Mwaka ujao nitakuja wiki moja kabla ya ndege. Hiyo wiki itakuwa yako." Akaja kweli, na ile wiki ikawa yangu. Sitakueleza zaidi ya hapo, ila ujue kwamba nilirudi nyumbani kila jioni nikitabasamu peke yangu njiani kama mwehu.

Sasa siku ninayokusimulia ilikuwa ya mwisho ya msimu. Nilipanda kilima nikiwa na neno la kumwambia. Macho alikuwa ameshafika, begi lake limefungwa limesimamishwa kwenye jiwe, maana jioni ile ile, saa kumi na mbili, basi lilikuwa linampeleka kituo kinachofuata, kusini kabisa, anakowafuata ndege kila mwaka.

"Umeamkaje, Karani?"

"Nimeamka."

"Upepo umegeuka. Leo watakuja wengi."

"Waje."

Nikaandika tarehe, upepo, mawingu. Saa tatu ikapita na vipanga wanne, kozi mmoja na tai mmoja. Ilipofika saa nne nikachora mstari, nikaanza safu mpya, nikajua nisipolisema sasa silisemi tena.

"Macho."

"Nakusikia."

"Leo saa kumi wale watu wa posa wanakuja. Mfamasia na shangazi yake. Baba mkubwa anataka niwape jibu hapo hapo, mbele yao."

Nilisikia kiti chake kikilia kidogo. Mimi kichwa kimeinama, penseli mkononi, nangoja.

"Mwewe, kumi," akasema.

"Mwewe, kumi," nikarudia, nikaandika. Mazoea ni kitu kibaya. "Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia."

"Sasa?"

"Mwewe, watano."

"Mwewe, watano. Macho, sikuja kukupa habari. Nimekuja kukuomba. Twende wote nyumbani mchana. Ni siku ya mwisho, Mama Mnara yuko mnarani, hakuna atakayetuzuia. Uingie, ukae, umwambie baba mkubwa unanitaka. Hata ukisema vibaya. Hata ukigugumia. Mimi nitajazia."

"Mwewe, kumi na sita."

Nikaandika kumi na sita. Chozi likadondoka juu ya sita nikalifuta kwa kidole gumba. Tunaandika kwa penseli kwa sababu ya mvua, kwa hiyo haikuharibika kitu.

"Mama anasema mtu anayefuata ndege hana mahali pa kutundika koti," nikaendelea. "Nimembishia mwaka mzima. Nimemwambia wewe si kama baba aliyetuacha. Sasa nitamwambia nini? Nimwambie nilikuomba unitetee ukanitajia mwewe?"

Nilisikia akizungusha darubini.

"Kwani hunitaki?"

Hapo sauti yake ilikwama, ikatoka nusu. "Kozi," akasema. Akameza mate. "Kumi na wawili."

"Kozi, kumi na wawili."

Niliandika hivyo hivyo, kama nilivyoambiwa. Mwili wangu ulikuwa umekufa ganzi. Ningeambiwa niandike ng'ombe wanne angani ningewaandika.

"Niambie neno moja," nikamwambia. "Moja tu, lisilo na ndege ndani yake. Ukisema usiende, siendi. Ukisema nenda, nitakwenda na nitakushukuru. Lakini usiniache hivi, Macho, nakuomba. Nakuomba kwa kila kitu unachokipenda."

Upepo ulikuwa unapeperusha kona ya ukurasa. Nikaibana kwa kiwiko.

"Karani," akasema polepole. "Andika."

"Niandike nini?"

"Mwewe, thelathini."

Nikaandika thelathini. Saa tano ilipofika nikajumlisha safu ya saa nne: mwewe sitini na moja, kozi kumi na wawili. Nikafunga daftari, nikalitia kwenye mkoba, nikasimama. Nilimwambia karatasi za mchana zimo kwenye boksi, aandike mwenyewe. Nilitaka angalau anigeukie. Nilisimama pale kwa muda wa kutosha mtu kugeuka mara tatu.

"Nenda salama," akasema.

Hakushusha darubini. Hata hapo, wewe unayenisoma, hakuishusha.

Niliteremka kile kilima nikimtukana kimoyomoyo kwa matusi ambayo sikujua kama ninayo. Nilipochoka kumtukana yeye nikajitukana mimi. Misimu mitatu nimeketi karibu na mtu nikidhani ukimya wake umejaa mimi, kumbe umejaa ndege. Nilipofika chini nilikuwa sina hasira tena, wala kitu kingine chochote. Niliona tu kwamba nimekwisha.

Nyumbani mama alikuwa jikoni anapangusa vikombe vya wageni, vile vyenye ukingo wa dhahabu visivyotoka kabatini ila kwa sababu. Goti lake bovu alikuwa ameliegemeza kwenye kigoda. Aliniangalia usoni, akarudisha macho kwenye kikombe.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amesemaje?"

"Amehesabu."

Nilitegemea aniambie si nilikwambia. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Lakini alikipangusa kile kikombe, akakipangusa tena, kikombe kikavu, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kaoge, mwanangu. Nguo yako nimeshaipiga pasi."

Wageni walikuja saa kumi kamili. Mfamasia si mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa amevaa shati jeupe, kucha zake safi, akamsaidia shangazi yake kukaa kabla hajakaa mwenyewe. Baba mkubwa, ambaye tangu baba aondoke ndiye msemaji wa nyumba yetu, alikohoa, akazungumzia hali ya hewa, akazungumzia barabara, akamaliza barabara zote za karibu, kisha akanigeukia.

"Binti. Hawa wenzetu wametoka mbali na si mara ya kwanza. Wanataka kusikia kwa kinywa chako. Unasemaje?"

Niliangalia zulia.

"Ndiyo," nikasema.

Ilitoka vile vile ninavyorudia namba. Shangazi akashukuru, baba mkubwa akacheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo, mama akaanza kumimina chai. Akamimina mpaka ikamwagika kwenye sahani. Nilikaa pale nikajiambia, basi, imeshapita, sasa utalala, utaamka, utazeeka.

Ndipo simu yangu ikalia. Ilikuwa saa kumi na moja.

"Izime hiyo," baba mkubwa akasema.

"Ni ya kazi, baba mkubwa. Dakika mbili tu."

Nikachukua mkoba wangu nikakimbilia jikoni. Nilishukuru kwa kweli. Ningepokea hata simu ya kuuziwa jeneza.

"Karani," Mama Mnara akaanza, hana salamu leo, anahema kwa furaha. "Mwanangu, tumepata siku. Misimu ishirini sijaona siku kama hii. Nisomee, nisomee saa nne kwanza."

Nikafungua daftari juu ya meza, kati ya vikombe. "Saa nne. Mwewe, sitini na moja."

"Rudia."

"Sitini na moja."

"Wewe. Mimi nina elfu moja, mia tatu na arobaini."

Nilidhani simu inakatika. "Saa ngapi hiyo?"

"Hiyo hiyo. Wametoka juu ya vichwa vyenu, Karani, mstari mmoja, kama kamba ya nguo imefungwa kilimani kwenu ikaja kufungwa kwangu. Juu sana, kwa macho matupu usingewaona, lakini kwa darubini hata mtoto angewaona. Huyo bwana alikuwa wapi?"

"Alikuwepo. Darubini ilikuwa machoni saa nzima."

"Alikuwa amelala?"

"Hakulala."

"Hebu endelea. Kozi?"

"Kozi, kumi na wawili."

"Kumi na wangapi?"

Nikaangalia maandishi yangu mwenyewe. Kozi, 12. Mwandiko wangu, namba yangu, imenyooka vizuri kabisa.

"Karani, kozi hatembei na kundi," Mama Mnara akasema, sasa polepole. "Anapita peke yake. Ukiona wawili una bahati. Huyo bwana ndiye aliyenifundisha mimi kuwatofautisha. Anakutajia kozi kumi na wawili, na wewe unaandika?"

"Niliandika."

"Hukushangaa?"

"Sikuwa na akili ya kushangaa. Nilikuwa namwambia naposwa leo. Nilikuwa namwomba aseme neno."

Nilimsikia akivuta pumzi kule ng'ambo ya bonde. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imelainika.

"Basi hakuona kitu, mwanangu. Tangu ulipoanza kuzungumza hakuona hata mmoja. Alikuwa anakutajia namba tu ili upate cha kuandika."

Nililaza simu mezani. Nikakumbuka kile kiti kilicholia. Nikakumbuka kumeza mate kabla ya kumi na wawili. Mtu ambaye hajawahi kupoteza ndege kumi alikuwa amepoteza zaidi ya elfu, darubini imembana machoni, na mimi pembeni yake nimeinamisha kichwa, namwandikia. Na ilikuwa imeshafika saa kumi na moja na robo, na nilikuwa nimeshasema ndiyo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika tupu. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Nini?" akaniuliza.

"Alikosea hesabu."

"Nani?"

"Mama, walipita elfu moja na zaidi. Ameona sitini. Na hao sitini aliwatunga."

Akaweka birika chini. Akavuta kigoda, akakaa, goti lake limenyooshwa mbele. Mama yangu hakai wageni wakiwa sebuleni. Nikaogopa.

"Jumapili ulipokwenda mjini kununua viatu," akasema, "mimi nilipanda kule juu."

"Wapi juu?"

"Kilimani."

"Na goti hilo?"

"Na goti hili. Nilikaa kwenye kiti chako. Nikamwambia, kijana, baba yake huyu alikuwa dereva wa malori. Alikuwa anaondoka na kurudi, anaondoka na kurudi, mpaka safari moja hakurudi. Nimeangalia mlango miaka kumi na moja. Nikamwambia, kama unampenda mwanangu, akija kukuuliza usiseme neno la kumzuia. Akaniuliza, hata moja, mama? Nikamwambia hata moja. Akaangalia juu, akasema sawa."

"Mama."

"Nilifurahi, nisikufiche. Nikasema, amekubali upesi hivi, kumbe hana mapenzi." Akaangalia daftari. Mama hajui kusoma safu zetu, lakini akaweka kidole juu ya ukurasa, pale palipofifia kwa chozi. "Hawakuonekana wangapi?"

"Wote. Elfu moja, mia tatu na arobaini."

Aliirudia hiyo namba midomoni. Sebuleni baba mkubwa alikuwa anacheka tena.

"Baba yako," akasema mwishowe, "hakuwahi kukosa hata kona moja kwa ajili yangu."

Macho yake yalijaa. Hakuyafuta. Alinisukuma begani kwa kile kiganja chake kigumu cha sabuni.

"Nenda kamwambie mdomo wake nimemrudishia."

"Na hawa?"

"Hawa kawaambie mwenyewe. Hilo sitakusaidia. Ulilisema kwa kinywa chako."

Nilirudi sebuleni. Nikapiga magoti mbele ya shangazi wa mfamasia kwa sababu sikujua nisimame wapi.

"Naomba mnisamehe," nikasema. "Nilichosema nakirudisha. Sikusema kwa moyo."

Baba mkubwa akaweka kikombe chini kwa nguvu. "Umetoka kusema ndiyo sasa hivi. Chai haijapoa."

"Najua, baba mkubwa."

"Unanivua nguo mbele ya watu?"

"Nisamehe."

"Ukitoka mlango huo," akasema, na hakumaliza, na mimi nilijua anavyotaka kumalizia. Sijasikia sauti yake ikinitaja tena tangu siku ile, na inaniuma, maana ndiye aliyenilipia hata viatu vya shule.

Ni mfamasia aliyeniokoa. Alikuwa ameangalia mikono yake, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Mwache, mzee," akasema. "Nilimwona tangu mwanzo. Amenijibu kama mtu anayeandikisha maelezo polisi." Akaniangalia mara moja, na aliumia, niliona. "Nenda, dada. Kama unakwenda, nenda."

Nilikimbia na viatu vile vile vipya vya Jumapili mpaka kilipoanza kilima, nikavivua, nikavishika mkononi. Saa yangu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Kutoka njia ile unaiona barabara yote ya chini, na nililiona basi limeshasimama pale kituoni, taa zimewashwa, watu wanapakia mizigo juu. Kama ameshateremka kwa njia ya upande wa pili, yamekwisha. Msimu ujao angeomba apangiwe kilima kingine, mimi ningeletewa mtu mwingine wa kumrudishia namba zake. Nilipanda nikisema usiende, usiende, kwa sauti, peke yangu, pumzi zinanikata.

Begi lilikuwa bado kwenye jiwe.

Yeye alikuwa kwenye kiti chake, darubini machoni, anaangalia mbingu isiyokuwa na kitu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mnara wa maji. Hakuna ndege anayehama saa ile, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote. Kiti changu kilikuwa kimefunguliwa pembeni yake, kama nilivyokiacha.

Alisikia hatua zangu. Mabega yake yalikaza, lakini hakugeuka.

"Mama Mnara amepiga simu," nikamwambia.

Nikasogea mpaka kwenye kiti changu.

"Kozi kumi na wawili, Macho?"

Akaishika darubini kwa nguvu zaidi.

"Nilikuwa nimesema ndiyo," nikasema, na hapo nikaanza kulia kwa sauti, sikuweza tena. "Nimesema ndiyo kwa mtu mwingine mbele ya watu kwa sababu yako, halafu nimekwenda kuirudisha kwa sababu yako, baba mkubwa hanitaki tena, na wewe bado unaangalia juu. Shusha hiyo darubini."

Akatikisa kichwa.

"Mama amekurudishia mdomo wako. Ameniambia nikwambie hivyo hivyo."

Basi lilipiga honi kule chini, mara mbili ndefu. Nikamwendea mbele, nikasimama kati yake na mbingu, nikaishika ile darubini kwa mikono yote miwili nikaivuta. Raba zake za machoni zilikuwa zimelowa. Zilikuwa zimemwachia duara mbili nyekundu usoni, na ndani ya zile duara macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyelia tangu asubuhi.

Ni ya kahawia. Sasa najua.

"Sema," nikamwambia.

Alijaribu mara mbili, sauti haitoki. Siku nzima alikuwa ameifungia.

"Usiende," akasema.

Honi ikalia tena, halafu nikasikia injini ikinguruma na kuanza kusogea.

"Basi lako linaondoka, Macho. Angalia kule, linaondoka."

"Silioni," akasema, ananiangalia mimi.